Taa ya udongo ya U Thong, na "ndugu yake" ninayeuziwa mnadani (uzi mrefu, mwenye haraka apite)

#1 Mzee wa Mawe

Wakuu, wakubwa shikamooni, rika langu mambo.

Wanaonijua humu wanajua nauza mawe ya vito. Mara mbili kwa mwaka nabeba safaya za Tunduru napeleka Thailand, soko la Chanthaburi, ambako wanunuzi wanajaa Ijumaa hadi Jumapili. Ukishauza unarudi Bangkok kusubiri hela iingie, na kusubiri hela ni kazi kuliko kuuza. Safari hii nimesubiri siku tisa. Nikasema nisife nimekodolea macho feni ya gesti, ngoja nikazunguke makumbusho.

Jumatatu nikakuta geti limefungwa. Jumanne nayo hivyo hivyo, kumbe ndio utaratibu wao. Jumatano nikaingia. Makumbusho ya Taifa ya Bangkok yako ndani ya iliyokuwa kasri ya makamu wa mfalme, jirani na uwanja wa Sanam Luang. Kuna magari ya kubebea maiti za kifalme, marefu kama nyumba, yamepakwa dhahabu mpaka magurudumu. Watalii wote wamerundikana pale. Mimi nikaishia kwenye taa.

Ya kwanza ni ya shaba nyeusi. Ilitoka kijiji cha Pong Tuk, mkoa wa Kanchanaburi, upande wa mto Mae Klong. Mwaka 1927 vitu vya kale vilianza kutoka ardhini pale, na Mfaransa George Cœdès akaenda kuchimba kwa utaratibu. Kifuniko cha taa kina sura ya Silenus, yule mzee mlevi wa hadithi za Wagiriki, na mpini wa taa umepambwa kwa pomboo wawili. Pomboo wa Mediterania, katikati ya mashamba ya Siam (jina la zamani la Thailand)! Mwanzoni walidhani ni ya karne ya 1 au ya 2. Mwaka 1989 wataalamu Robert Brown na Anna Macdonnell wakairudia, wakaiweka karne ya 5 au ya 6, enzi za Bizanti, yaani Roma ya mashariki. Vyovyote vile, imetembea.

Ya pili ndiyo iliyonifanya nifungue uzi. Alhamisi nilipanda gari dogo la abiria hadi U Thong, mkoa wa Suphan Buri, saa mbili na ushee. Makumbusho ya kule ni tulivu, tulikuwa mimi na mlinzi. Ndani kuna vitu vya enzi ya Dvaravati, dola ya kale ya huko, yaani karne ya 6 hadi ya 11, na kwenye kabati la pembeni kuna taa za udongo. Moja niliitazama mpaka mlinzi akaja kutazama ninachotazama.

Ni kibakuli, hakizidi kiganja changu. Rangi ya tofali lililoiva vibaya, huku nyekundu, huku kijivu. Upande mmoja ukingo umevutwa ukawa mdomo kama wa birika. Ncha ya mdomo ni nyeusi tii, weusi umezama ndani ya udongo, na kwingine kote hakuna hata doa. Masizi yamezidi upande wa kushoto kuliko wa kulia. Nikasimama pale najiambia: huyu mtu taa yake alikuwa anaiweka mahali pamoja kila siku, na upepo ulikuwa unatokea upande mmoja.

Sasa nina maswali mawili. Kuna mwongoza watalii pale Bangkok niliyemsikia akiwaambia wageni wake kwamba hizi za udongo ni za kuiga taa za Kirumi. Ni kweli? La pili: mnadani kwenye vikorokoro jamaa mmoja ananiuzia taa kama hiyo hiyo, baht 4,500, anadai babu yake aliikuta shambani. Picha nimeweka. Nichukue au niache?

Nawasilisha.

#2 Kichwa Maji

Mkuu umekwenda mpaka Thailand umerudi na stori ya koroboi?

#3 Mwalimu wa Zamu

Kichwa Maji, kaa pembeni watu wasome.

Mleta uzi, mwongoza watalii yuko sahihi. Hapo hapo U Thong imepatikana sarafu ya Victorinus, aliyetawala sehemu ya magharibi ya himaya ya Warumi mwaka 269 hadi 271. Ukishuka mpaka Óc Eo, mji wa kale kwenye delta ya Mekong, Vietnam, Mfaransa Louis Malleret alichimba mwaka 1944 akakuta medali za dhahabu za Antoninus Pius na Marcus Aurelius, wafalme wa Roma. Sasa kama sarafu zimefika, medali zimefika, na taa ya Pong Tuk yenyewe imefika, tatizo liko wapi kusema umbo la taa nalo limefika? Mfinyanzi wa kienyeji aliona ya shaba, hakuwa na shaba, akafinyanga ya udongo.

#4 Kigae

Mwalimu, kwa heshima zote, umeruka hatua tatu kwa mpigo.

Mimi nimesoma akiolojia na nimeosha vigae vya watu, yaani vipande vya vyungu vya kale, kwa miaka, ndiyo maana ya jina hili. Sarafu ya Victorinus inathibitisha kwamba sarafu ilifika. Haithibitishi kwamba Mrumi alifika. Sarafu ya shaba ikishatoka mfukoni mwa mwenyewe inapita mikono hamsini: inakuwa kipambo, inakuwa hirizi, inafungwa shingoni mwa mtoto. Na Victorinus ni wa karne ya 3. Taa ya Pong Tuk ni ya karne ya 5 au 6. Taa za udongo za Dvaravati zinaanzia karne ya 6 zinakwenda mbele miaka mia tano. Hivyo huwezi kuvipanga kwenye foleni moja ukasema huyu kamzaa huyu.

Halafu tazama vitu vyenyewe. Ile ya shaba ina kifuniko, ina mpini uliopambwa, ina sura ya mtu. Hii ya udongo ni bakuli lenye mdomo. Kama mfinyanzi alikuwa anaiga, alichoiga ni kile kitu kimoja ambacho kila mtu duniani mwenye mafuta na utambi atakigundua mwenyewe siku ya pili.

Nieleze. Weka mafuta kwenye bakuli la duara, tumbukiza utambi katikati. Utazama, moto utazimika. Uegemeze ukingoni: utawaka, lakini mafuta yatachuruzika nje kufuata utambi na kuloanisha meza. Sasa udongo ukiwa bado mbichi, bana ukingo kwa vidole viwili uuvute kidogo. Umepata mfereji. Utambi unalala humo, mafuta yanapanda pole pole, mwali unakaa nje ya bakuli, na mafuta yanayodondoka yanarudi ndani. Ndivyo ule mdomo ulivyozaliwa. Umetokana na mafuta na utambi, na mafuta na utambi havina uraia.

Nikitakiwa kutaja jirani wa karibu nitasema India kabla ya Roma. Watu wa Dvaravati walikuwa Wabudha, maandishi yao tunayo kwa Kimon cha kale, lugha yao, na kwa Kipali na Kisanskriti, lugha za India, na zile sarafu za fedha zilizotoka Nakhon Pathom zina maneno ya Kisanskriti yanayotaja thawabu ya mfalme wa Dvaravati. Vitaa vya udongo vyenye ukingo uliobanwa Wahindi wanawasha hadi leo kwenye Diwali. Mtu wa Dar apite upande wa Kisutu msimu huo aone mwenyewe.

Ila sisemi India "iliwafundisha" pia. Nasema tu ukibanwa uchague, usianzie mbali.

Kuhusu masizi ya kushoto, mkuu umeona vizuri, lakini usikimbilie upepo. Inawezekana mwenye taa alikuwa anausogeza utambi kwa kijiti upande ule ule kila siku, mkono wake wa kulia. Inawezekana taa ilikaa imeinama.

#5 Binti Shela

Salamu kutoka Lamu. Huwa nasoma tu siandiki, lakini leo nimeguswa.

Nyanya yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na kitu hicho hicho anachokieleza kaka wa mawe. Sisemi mfano wake, nasema hicho hicho. Kibakuli cha udongo, mdomo umebanwa kwa vidole. Mafuta ya taa yakikosekana dukani alikuwa akikitoa, anatia mafuta ya nazi ya kukuna mwenyewe, utambi anasokota kwa pamba au kitambaa cha leso iliyochakaa. Anakiweka kwenye kidaka cha ukuta, na juu ya kile kidaka chokaa ilikuwa nyeusi umbo la ulimi. Nyumba imepakwa chokaa mara ngapi sijui, ule ulimi ulikuwa unarudi.

Nyanya yangu hakuwahi kuona taa ya Mrumi wala ya Msiam. Mwalimu, yeye alimuiga nani?

#6 Mwalimu wa Zamu

Dada hapo umenibana. Lakini pwani nayo ilikuwa na wageni kila msimu wa upepo, huwezi kujua.

#7 Binti Shela

Wageni walikuwapo. Lakini tukienda hivyo hata kijiko tutaambiwa tumeletewa.

#8 Kichwa Maji

Haya nimekaa vizuri sasa, swali la kweli. Watu wa kule walikuwa wanawasha mafuta gani? Na mbona mnaongea kama kila nyumba ilikuwa na taa?

#9 Kigae

Hilo la pili ni swali zuri kuliko yote humu ndani, na limetoka kwa mtu wa koroboi.

Sidhani kila nyumba ilikuwa na taa. Mafuta ni chakula. Ukiyachoma unachoma mboga. Usiku wa mkulima wengi ulikuwa ni moto wa jiko na kulala mapema. Kusini-Mashariki ya Asia walikuwa na njia nyingine za mwanga ambazo hazihitaji chombo chochote, kwa hiyo hazikai makumbusho. Kuna utomvu wa miti ya msituni unaoitwa damar: wanausaga, wanaufunga ndani ya majani kama mkate mrefu, wanawasha ncha. Ndiyo maana kwa Kijava neno damar lenyewe limekuwa jina la taa. Kuna tunda la kemiri, kokwa yake imejaa mafuta kiasi kwamba ukizitunga kadhaa kwenye kijiti zinawaka moja baada ya nyingine kutoka juu kushuka chini. Kuna nta ya nyuki. Vyote hivyo vikishawaka vimekwisha, hakuna kigae cha mtu kuja kuosha.

Taa ya udongo ilihitaji mafuta ya maji maji: ya nazi, ya ufuta, ya mbarika, au mafuta ya mnyama. Na kuna jambo huwezi kulijua mpaka uishike: udongo wa kuchomwa kwa moto wa wazi unakunywa. Taa mpya ukiijaza leo, kesho asubuhi imeshuka na mezani kuna mduara wa mafuta. Mfinyanzi anaweza kupunguza hilo kwa kuusugua udongo kwa kokoto kabla ya kuchoma, ukang'aa na vitundu vikaziba. Baada ya miezi kadhaa taa inashiba yenyewe. Hivyo taa kuukuu ilikuwa bora kuliko mpya, na nadhani watu walikuwa wanaitunza kama mwanamke anavyotunza chungu chake kilichozoea maharage.

Neno la Kimalay la taa ndogo ya mafuta ni pelita. Limetoka Kiajemi, asili yake ni utambi, ndugu wa neno la Kiarabu fatila. Kwao jina la utambi likapanda likawa jina la chombo kizima. Sisi tumebaki na utambi kwenye kazi yake, na taa kwenye yake.

Na hiki si kitu kilichokufa. Chiang Mai, kaskazini ya Thailand, sikukuu ya Yi Peng wanapanga vitaa vya udongo kwenye ngazi, kwenye kuta, kwenye mahekalu, maelfu. Vinaitwa phang pathip. Ni kisahani cha udongo, ndani mafuta au nta na utambi wa pamba. Neno la pili ni Kisanskriti, pradipa, taa.

#10 Nahodha Mstaafu

Vijana, mnabishana Roma na India, mmesahau nani alikuwa njiani.

Mwaka 2013 kule Samut Sakhon, si mbali na Bangkok, watu wa shamba la kamba walikuwa wanachimba bwawa wakakuta mbao. Ilikuwa jahazi, wameliita Phanom Surin. Mbao zimeshonwa kwa kamba, hakuna msumari, kama mtepe wetu. La karne ya 8 au ya 9. Ndani yake wakakuta mitungi mirefu yenye kitako cha ncha, imepakwa lami ndani isivuje, mizigo ya Ghuba ya Uajemi, na mitungi ya Uchina, na vyungu vya udongo vya hapo hapo Dvaravati. Yote chombo kimoja.

Miaka ile ile vigae vya Ghuba vyenye rangi ya samawati na kijani vilikuwa vinashushwa Unguja Ukuu na Shanga, bandari za kale za pwani yetu. Si lazima iwe jahazi moja. Lakini bahari ilikuwa moja na mafundi wa kushona walikuwa wanajuana.

Kwa hiyo Kigae, taa ya Pong Tuk kwangu haina miujiza. Mtu alikuwa na taa nzuri ya shaba, akaiuza bandarini. Aliyenunua akaiuza mbele. Taa ya udongo haisafiri hivyo. Nani atapakia jahazini kitu ambacho kila bandari wanafinyanga bure?

#11 Kigae

Nahodha, hiyo sentensi ya mwisho nitaiiba.

#12 Mzee wa Mawe

Nimesoma yote, asanteni. Sasa nirudisheni kwenye baht 4,500. Jamaa ameshuka hadi 3,800 na anasema kuna Mjerumani anaitaka.

#13 Kichwa Maji

Mjerumani yupo kila mnada duniani. Hata Kariakoo yupo.

#14 Kigae

Mkuu nimekuza picha zako. Fanya hivi kabla hujatoa hela.

Kwanza, masizi. Yako yameenea mdomo wote, ukingo wote, na hata chini ya kitako. Nani anawasha taa kitakoni? Masizi ya matumizi yanakaa pale utambi ulipokaa, yanaingia ndani ya vitundu vya udongo kwa sababu mafuta ya moto yaliyaingiza. Ya moshi wa mshumaa yanakaa juu juu kama poda. Lowesha kidole pitisha.

Pili, kuna pengo dogo kwenye ukingo, picha ya tatu. Ndani ya pengo nako ni kweusi. Ikiwa taa ilivunjika ukingo ikiwa ardhini au juzi mnadani, ndani ya pengo patakuwa na rangi ya udongo. Pakiwa peusi kama nje, basi ama walitumia taa ikiwa na pengo, jambo linalowezekana, ama mtu aliivunja kwanza ili ionekane ya kale, kisha akaipaka.

Tatu, wewe ni mtu wa mawe, una ile lenzi ya mara 10. Tafuta mstari mwembamba unaopita katikati ya mdomo na kushuka hadi kitakoni.

Kuna kipimo cha maabara pia. Chembe za mawe zilizomo ndani ya udongo zinakusanya nishati ya mionzi ya asili mwaka hadi mwaka. Chombo kilipochomwa, yote yaliyokusanywa kabla yake yalifutika, saa ikaanza upya. Wanatoboa unga kidogo, wanaupasha moto, unatoa mwanga hafifu, mwanga huo ndio hesabu. Kwa kitu cha miaka 1,300 jibu linaweza kuyumba karne mbili huku na huku, lakini kutenganisha Dvaravati na mwaka jana halishindwi. Shida ni kwamba kipimo kitakula hela kuliko taa.

#15 Klia Mzigo

Mimi natoa mizigo bandarini, akiolojia siijui, sheria naijua. Mzee, sikiliza. Ikiwa ni feki umepoteza baht 3,800. Ikiwa ya kweli ndiyo mbaya zaidi. Thailand wana sheria ya mwaka 1961 ya vitu vya kale, huwezi kutoa nje kitu cha kale bila kibali cha Idara yao ya Sanaa. Ukikamatwa uwanja wa ndege na kigae cha kweli bila karatasi, mawe yako yote yatafunguliwa mezani na maswali yatakuwa mengi kuliko ulivyozoea.

Kwa hiyo omba Mungu iwe feki.

#16 Mzee wa Mawe

Wakuu, mrejesho.

Jana asubuhi nikarudi mnadani. Jamaa akaniwekea kiti na soda, akaitoa taa kwenye gazeti taratibu kama anatoa kifaranga. Nikamwambia naomba niiangalie kwenye jua. Nikalowesha kidole nikapitisha mdomoni mwa taa. Kidole kikatoka cheusi, na taa ikabaki na njia nyekundu safi, nyekundu ya chungu cha jana. Nikanusa kidole: dawa ya viatu.

Nikatoa lenzi. Mstari upo. Unaanzia ncha ya mdomo, unapita katikati ya kibakuli, unashuka hadi kitako na kupanda upande wa pili, umenyooka kama ule wa chupa ya plastiki. Imetoka kwenye kalibu ya vipande viwili, wamesugua kwa msasa juu lakini ndani ya mfereji wa utambi kidole hakifiki, wakauacha. Nimekaa miaka ishirini kwenye mawe, nilishauziwa chupa Tunduru nikiwa kijana nikaapa hairudii, na mara hii kidogo irudi kwa njia ya udongo.

Sikugombana naye. Nilimrudishia nikamwonyesha kidole. Akacheka! Akasema maneno ya Kithai ambayo sikuyaelewa, akanipatia kitambaa nijifute, na soda hakunidai. Kisha akamgeukia mzungu aliyekuwa anakuja.

Lakini ninachotaka kusema ni hiki. Nilipotoka pale nikapita duka la vitu vya hekaluni, kuna phang pathip kama alizosema Kigae, zimepangwa kwenye kikapu, vumbi tupu, bei ya hiyo soda. Nikanunua sita. Hazina kalibu, kila moja imeinama kivyake, kitako cha moja kina alama ya kidole gumba. Ile ya U Thong nayo kabatini, nilipochungulia kwa chini, ilikuwa na tundu la gumba hivyo hivyo. Nilisahau kuwaandikia mwanzoni.

#17 Mwalimu wa Zamu

Gumba. Sawa, nimejisalimisha kuhusu taa za udongo. Ile ya shaba bado ni yangu.

#18 Kigae

Ya shaba ni yako kabisa, hatukunyang'anyi.

#19 Mzee wa Mawe

Nimefika Arusha. Vitaa vinne vimefika vizima, viwili vimegeuka vigae, na Kigae asiniombe. Jana usiku umeme ulikatika nikasema huu ndio wakati. Nikatia mafuta ya nazi ya dukani, nikasokota pamba, nikawasha. Ikawaka dakika kumi hivi, ikafifia, ikazima. Nikawasha tena, ikazima. Asubuhi naiangalia, mafuta yote yameganda meupe kama samli, utambi umesimama katikati kama kijiti kwenye uji. Julai hii Arusha usiku ni baridi kweli kweli, lakini taa ya kushindwa na baridi sikuitegemea. Watu wa Siam hawakuliona hilo?

#20 Binti Shela

Hahaha kaka yangu! Mafuta ya nazi yanaganda yakishuka nyuzi ishirini na nne, ishirini na tano hivi. Huku Lamu hatujui hilo tatizo ila miezi ya kusi alfajiri, na nadhani Suphan Buri nao hulipata miezi yao ya baridi tu.

Sikiliza, usijaze kisahani. Ukijaza, mwali mmoja hauwezi kuyayeyusha yote. Tia kijiko kimoja tu, ulaze utambi uguse kitako, ncha itokeze kidogo sana kuliko unavyodhani, kama punje ya mchele. Nyanya alikuwa akipasha kibakuli kwanza karibu na jiko. Au changanya na mafuta ya ufuta, hayo hayagandi kwa baridi yenu.

Na moshi ukipiga ukutani, pasafishe mapema. Ule ulimi hautoki.

#21 Mzee wa Mawe

Punje ya mchele. Nimeiweka kama kidole kizima.

Leo nimetia ya ufuta. Inawaka sasa hivi ninapoandika, saa nzima imepita. Chini ya kisahani kuna mduara wa mafuta kwenye kitambaa cha meza, mama watoto bado hajaona. Na masizi yameanza kukaa. Upande wa kushoto, wakuu. Dirisha liko kulia, na kijiti sijakigusa.

#22 Kigae

Umeiweka sawa sawa au imeinama?

#23 Mzee wa Mawe

Imeinama kidogo. Zote zimeinama.